Mapigo Ishirini Bila Pumzi

Heckley, Yorkshire
3 Mei 1927

Mdogo wangu Hester,

Salamu tele kutoka nyumbani. Mimi mzima, mapafu kama mivukuto ya mhunzi. Mama naye mzima, ila goti. Huko London unakula, au wasikilizaji wako wanakulisha makofi tu?

Donge limenikaa kooni, sifichi. Mama kaiondoa medali yangu ya tarumbeta juu ya meko, kaweka picha yako! Medali sasa iko nyuma ya birika. Mimi niliyekufundisha mapigo kwa vijiko mezani!

La pili: muziki watakaopiga bendi zote kwenye mashindano mwaka huu ni wako. Wamechapa jina letu la ukoo tu, “Sugden”. Wenzangu kiwandani wakanivamia: “Jabez, mjanja wewe, kumbe mtunzi!” Sikusema ndiyo. Nilikunywa tu bia walizoninunulia.

Ila ile sauti ya tarumbeta, mapigo ishirini bila pa kuvuta pumzi, ulitaka kuniua?

Kaka yako,
Jabez

London
9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Sijambo, kikohozi kimeniacha.

Donge unalo wewe? Wewe uliyeingia chumba cha bendi, nami nikabaki dirishani mvuani, eti wasichana hawapulizi? Mchapishaji naye kaficha jina langu la kwanza, ati bendi hazinunui muziki wa mwanamke. Yeye kanifuta nusu; nusu iliyobaki unainywa wewe.

Nakuja siku ya mashindano. Waambie kabla sijafika.

Dada yako,
Hester

Heckley
23 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijui.

Sikuwaambia. Mwamuzi kafungiwa hemani kama kawaida, asione bendi ipi inapiga. Nikaipuliza sauti yako hadi mwisho, macho yakitaka kudondoka. Tukashinda! Wakamwita mtunzi jukwaani, wenzangu wakanisukuma. Nikavua kofia, nikainama. Lo, makofi matamu yale!

Kisha nikakuona uani, mvuani, umenyoosha shingo vilevile kama pale dirishani. Nikapaza sauti: “Si mimi! Ni Hester, yule wa kofia ya kijani!” Wakageuka. Hupo.

Wanadai bia zao. Uko wapi?

Kaka yako,
Jabez

London
1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nilikusikia. Nilikuwa nyuma ya kibanda cha pai, nalia.

Ile sauti niliiandika makusudi, pumzi ikuishie njiani mbele ya watu. Toka utotoni naionea wivu pumzi yako. Ukaimaliza, tena ikawa nzuri kuliko nilivyoiandika. Ningepandaje jukwaani na roho ile?

Rudisha medali juu ya meko. Picha yangu ikae nyuma ya birika kwanza.

Natunga nyingine. Jina langu litachapwa lote. Ina mapigo thelathini. Anza mazoezi.

Dada yako,
Hester