Orodha Niliyoisafisha Mashineni

Jumanne, 14 Januari

Foleni ya mashine ya kusaga tena. Debe langu la mahindi ni la tisa. Umeme umekatika mara mbili tangu nifike. Nimekaa juu ya gunia la mtu, simu mkononi, nafanya kazi. Kompyuta ilikufa Oktoba na fundi wa mjini amenipa pole tu. Tangu hapo programu yote ya kliniki naiandika kwa vidole gumba. Kibodi ikifunguka inameza nusu ya kioo. Naona mistari minane kwa wakati mmoja, na wa tano unapita juu ya ufa.

Leo nimemaliza kero ya majina. Nesi Veronika, anayeendesha kliniki ya watoto wenye selimundu, ule ugonjwa wa damu, kule Sikonge, analalamika kila mwezi. Mtoto mmoja anatokea mara mbili kwenye orodha, dawa inafungwa mara mbili, mwingine inampungukia. Kosa ni la wahudumu wa vijiji wanaotuma taarifa. Mwezi huu wanaandika Mwajuma, mwezi ujao Mwajuma J., unaofuata Mwaju. Programu inadhani ni watoto watatu. Nikaamua jina la mtoto lisiangaliwe kabisa. Jina la mama, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Vitatu vikifanana, huyo ni mtoto yuleyule. Abaki wa kwanza, wengine wafutwe.

Dakika kumi. Majina saba yametoka papo hapo. Nimecheka peke yangu mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimechumbiwa kwa simu.

Unga umetoka wa moto. Nimerudi nyumbani Itetemia kwa miguu, najivunia kweli.

Ijumaa, 31 Januari

Kliniki ilikuwa jana. Nesi amepiga asubuhi kunisifu. Orodha safi, pakiti zimetosha, hakuna aliyepewa mara mbili. Akaongeza kwamba mama mmoja alikuja juu, mtoto wake hayumo. Amemwandika kwa mkono na kumpa dawa ya akiba. Nikamwambia mhudumu wa kijiji hicho hakutuma taarifa, basi. Hawa watu hawatumi, halafu lawama zote kwa programu.

Jioni kapita Kulwa, pacha wangu, na mfuko wake wa vitambaa vya kushona. Alinitangulia kuzaliwa kwa dakika chache na anajiona bibi yangu. Kwetu hakuna kufikiria: pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Mama yetu anaitwa Mama Kulwa mtaa mzima. Sijawahi kusikia mtu akimwita Mama Doto. Kanikuta nimejikunja juu ya simu, akasema shingo yangu itagoma kunyooka, na yeye hatanishonea gauni la shingo iliyopinda.

Ijumaa, 28 Februari

Mama mwingine jana, malalamiko yaleyale. Mtoto hayumo. Nesi ameandika ujumbe mrefu, anaomba niangalie. Nimemjibu: waambie wahudumu wako wajaze fomu vizuri.

Nimeusoma tena sasa. Jeuri tupu. Sijaufuta.

Nilikuwa na njaa, bando limebaki kidogo, na nimechoka kuulizwa. Ningeweza kuangalia. Sikuangalia.

Jumatano, 12 Machi

Habari kubwa. Watu wa wilaya wanataka niwaonyeshe programu tarehe 25. Wakiipenda itaenda kwenye zahanati nyingine. Nimesoma ujumbe mara nne. Programu iliyoandikwa kwa simu yenye ufa. Nitawaambia hivyo mwishoni kabisa, wakishasifu.

Nimeshinda nikibadilisha rangi za vitufe. Kijani, halafu bluu, halafu kijani tena. Mvua haijakatika tangu asubuhi. Bi Zuwena, mama mwenye nyumba, amefunga na hana nguvu ya kunisema kuhusu kuchaji simu mara tatu kwa siku. Amenibakizia futari. Tambi.

Jumatatu, 17 Machi

Nesi kapiga saa tatu asubuhi. Mtoto wa miaka sita ameletwa hospitali hapa Tabora kutoka kijiji kilicho mbele ya Sikonge. Ameamka jana mkono wa kushoto na mguu haviitiki, mdomo umepinda. Selimundu hufanya hivyo, damu ikikwama njiani kwenda kichwani. Daktari anataka kujua dawa amekuwa akipewa vipi. Nesi anaomba rekodi.

Nikauliza jina. Doto, akasema, mtoto wa Mama Kulwa wa kule mwisho wa barabara.

Hayumo. Nimetafuta kwa jina, kwa kijiji, kwa mama. Kulwa yupo. Wote wawili wana ugonjwa na wote walikuwa wamesajiliwa tangu mwaka jana, nakumbuka nilivyowaingiza kwa mkono wangu. Mama yuleyule, kijiji kilekile, wamezaliwa siku moja.

Nikamwambia Nesi nitampigia baadaye.

Nimefungua msimbo, nikasogeza kwa kidole hadi pale. Mistari minane. Yote inaenea kwenye kioo, kibodi haijaficha kitu, ufa haujaficha kitu. Mama, kijiji, tarehe. Pacha gani duniani hawafanani kwa hivyo vitatu? Kati ya yale majina saba, manne yalikuwa ya kujirudia kweli. Matatu yalikuwa pacha wa pili.

Wote watatu wanaitwa Doto. Naitwa Doto. Nimewafuta nikiwa kwenye foleni ya mashine, nikicheka.

Jumanne, 18 Machi

Nimerekebisha. Kila mtoto ana namba yake peke yake sasa. Imechukua dakika ishirini kwa sababu nagusa herufi zisizo sahihi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeanza na namba. Nilijua hilo. Nilifundishwa hilo. Siku ile niliona kazi ni ndogo kwa sababu nilikuwa naifanya kwenye kitu kidogo, nimekalia gunia.

Akina Doto wawili wale wengine mama zao ndio walikuja juu. Wale niliowaita wasumbufu. Watoto wao wamepata dawa kwa sababu ya makelele yao. Kijiji cha huyu wa tatu ni mbali, na msimu huu akina mama wote wa huko wako kwenye tumbaku. Dawa inapelekwa na mhudumu kwa baiskeli. Hakuna aliyekuja kwa Nesi kupiga makelele.

Sijala. Bi Zuwena ameuliza kama na mimi nimefunga.

Alhamisi, 20 Machi

Nimeenda hospitali na chupa ya uji. Nilijiambia naenda kuangalia rekodi. Uongo.

Mama wa yule mtoto ni mwembamba, viganja vyeusi kwa utomvu wa majani ya tumbaku, hata sabuni haijautoa. Nilimwamkia, akaitikia, nikasema natoka kliniki. Hapo nikaishia. Doto amelala. Kulwa naye yupo, kakaa miguuni pa kitanda kwa sababu hakuna wa kumwachia nyumbani. Sura moja. Mmoja mdomo umenyooka, mwingine umevutwa upande.

Mama alianza mwenyewe kueleza, hata sijauliza. Pakiti ilikuwa ikija moja tu, tangu Januari. Zamani, kwenye daftari kubwa la Nesi, pacha waliandikwa mstari mmoja, Kulwa na Doto, na pakiti ilikuwa moja kubwa. Kwa hiyo hakushangaa.

"Niliona jina la Kulwa peke yake, nikajua mmewaandika pamoja kama zamani, dawa tu ndiyo imepungua. Sasa mimi nimnyime nani? Leo nampa Kulwa, kesho nampa Doto."

Aliponiambia hivyo alinitazama usoni. Alitaka nimwambie kama amekosea au amepatia. Nikamwambia uji utapoa.

Ni mwanamke wa kwetu. Mama yangu angefanya vilevile. Pacha hawabaguliwi. Kulwa akinunuliwa viatu na mimi nanunuliwa, Kulwa akichapwa na mimi nachapwa, hata kama nilikuwa kisimani. Mama gani angempa mmoja vyote na mwingine amwangalie?

Wote wawili wamekuwa wakipata nusu. Huyu ndiye aliyeanguka.

Ijumaa, 21 Machi

Nesi anadhani ni mtandao. Mhudumu alituma, haikufika, au ilifika nusu. Amesema mwenyewe, kwa kirefu, na mimi nikanyamaza upande wangu wa simu. Akasema tusilaumiane.

Hakuna mtu Tabora nzima atakayesoma mistari ile. Ile ya zamani nimeshaiondoa. Tarehe 25 iko palepale. Ningevaa gauni la pacha wangu la kitenge cha bluu, ningewaonyesha rangi zangu za vitufe, na yule mama angerudi kijijini akiamini aligawa dawa vibaya.

Nimeona jinsi ilivyo rahisi. Halafu nikafungua programu nikabadilisha rangi ya kitufe kimoja. Sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Kulwa wangu. Alikuwa anapiga pasi, hakuiacha pasi. Nikaeleza yote, na mistari, na mashine, na majina saba. Nilitegemea anitukane au anifariji, niko tayari kwa lolote. Aliuliza kitu kimoja tu, kama yule mama anajua.

Nikampigia Nesi mbele yake. Nimesema bila kuzungukazunguka. Nilisikia kuku wa kwa Nesi. Kisha akaomba majina ya wale watatu, polepole, anaandika.

"Nilikuambia mara mbili, Doto," akasema.

Mkutano wa wilaya ataufuta yeye. Anarudi kwenye daftari mpaka atakaponiambia vingine. Nimesema sawa. Nilitaka kulia lakini Kulwa alikuwa amenikazia macho, nikaona haya.

Jumatano, 26 Machi

Mtoto anakaa. Mdomo umerudi karibu mahali pake. Mguu unaburuzika lakini unatembea. Mkono bado. Daktari hakusema ni kwa sababu ya kukosa dawa. Hakusema pia si kwa sababu hiyo. Nimemuuliza mara mbili nikitaka anitoe hatiani, hakunitoa.

Mama Kulwa alikuwa nje, anaanika nguo kwenye ua wa hospitali. Nilianza kwa Kiswahili cha ofisini, programu imefanya hivi, taarifa zimekuwa vile. Nikajisikia ninavyosema. Nikaacha, nikaanza upya kwa Kinyamwezi changu kibovu. Nilifuta jina la mtoto wako. Mimi, kwa mkono huu. Wewe hukukosea chochote.

Hakuuliza habari ya simu wala programu. Aliuliza kama pakiti ya Doto ilikuwa imefungwa ikapotea njiani, au dawa yenyewe haikuwepo. Nikamwambia dawa ilikuwa stoo, miezi yote, jina ndilo halikuwepo.

"Kumbe dawa ilikuwepo," akasema.

Akamaliza kuanika. Kanga, gauni dogo, gauni dogo lingine linalofanana nalo. Akachukua beseni akaingia ndani. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Nilikaa pale kwenye benchi mpaka mlinzi akaja kuuliza nasubiri nani.

Jumamosi, 5 Aprili

Wameruhusiwa juzi. Nesi ndiye kaniambia. Mimi sikwenda kuwaaga, niliona ningekuwa mzigo.

Simu ipo kabatini mchana kutwa. Naitoa kupiga na kupokea tu. Jana Kulwa aliniuliza kama nimeacha. Sijaacha. Sijui kufanya kazi nyingine, na sitaki kujua. Lakini kuandika popote nilipo, hapana tena. Nimemwomba Kulwa awe ananisikiliza nikisoma mistari kabla sijaituma. Anasema hataelewa hata neno. Nimemwambia asikilize tu, akiona nimebabaika aniulize.

Leo tumejaribu. Amenisimamisha mara tano. Mara mbili alikuwa sahihi.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikonge, siku ya kliniki. Nesi alituma neno jana kwamba nije, ila kwa masharti yake. Karatasi kwanza, simu baadaye. Nasoma majina kutoka kwenye simu, yeye anatafuta kwenye daftari na kuweka alama. Tusipokubaliana, tunamwita mama. Inachukua asubuhi nzima. Hatukutofautiana hata kwa jina moja, na hakunisifu.

Barabara ni tope. Wengi wamekuja wakisukuma baiskeli badala ya kuzipanda. Mama Kulwa safari hii hakumngoja mhudumu, amekuja mwenyewe, watoto wote wawili nyuma ya baiskeli ya mume wake.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, basi.

Nilisoma Kulwa, Nesi akaweka alama. Nilisoma Doto, akaweka alama. Nikampa kila mtoto pakiti yake. Doto aliipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki ndani ya sweta.

Mama akazichukua zote mbili mikononi mwao. Akafungua ya kwanza, akavimimina vidonge kwenye sahani ya bati iliyokuwa mezani, mbele yangu, akaanza kuhesabu kimoja kimoja kwa ncha ya kidole. Akafunga. Akafungua ya pili, vilevile. Foleni nyuma yake ilisimama na hakuna aliyemharakisha, hata Nesi. Hakunitazama.

Alipomaliza ya pili alirudi tena kwenye ya kwanza. Nikasubiri.