Viazi vya Macho ya Kaka

Chumbani kwetu, nyuma ya karakana,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kaka anaoga, ndiyo nimepata upenyo wa kukuandikia. Mgongo wako unaendeleaje? Mkaza mjomba na watoto hawajambo? Mimi mzima. Habari za kaka ndizo zimenishikisha kalamu. Kwa simu nisingeweza, unajua ninavyobabaika.

Mjomba, mtu akichungulia moto wa kuchomelea vyuma bila kofia ya kukinga uso, macho yanawaka kama yamemwagiwa mchanga. Dawa yetu hapa ni kukata kiazi kibichi na kukibandika machoni. Kaka alikuwa anaamka macho mekundu kila siku, basi kila mtu pale karakana akamletea kiazi, na mimi nikiwemo. Yule fundi wa mageti tunayemwita Mdomo akawa anamtania, "Fundi, kesho nikuletee na chumvi?" Kaka anacheka na sisi.

Kisha transfoma ikaungua, umeme hakuna. Mashine kimya, watu wanacheza drafti. Macho ya kaka mekundu vilevile. Na viazi bado vinaletwa! Hakuna aliyejiuliza huo moto umetoka wapi.

Mimi si msemaji, lakini kuangalia naangalia. Tulipobaki wawili nikamwuliza, "Kaka, umeme haupo. Macho yanaunguzwa na nini?" Alinyamaza mpaka nikajuta kuuliza. Halafu akasema, "Dogo, nalia. Sijui hata nalia nini. Naamka mwili mzito kama nimebebeshwa geti. Siku nyingine natamani nisiamke kabisa. Nikisema wataniita chizi."

Nikaenda zahanati kumwuliza nesi. Akasema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, una tiba, nimlete haraka.

Kaka akaenda. Daktari akamsikiliza, akampa siku ya kurudi. Karakana wakajua. Mdomo huyo: "Jamani, ficheni nyundo, chizi wetu kaingia!" Wakacheka wote. Siku ya kurudi ilipofika, umeme ulikuwa umesharudi, kaka akasema ana kazi nyingi, hakwenda.

Sasa jana Mdomo kanifuata bombani nikinawa. Akaangalia huku, akaangalia kule. "Dogo, kwa yule daktari, mtu akienda wanamtangaza?"

Nikamwambia hapana.

"Siulizii mimi. Kuna jamaa yangu."

Nikamwambia huyo jamaa yako awahi asubuhi, foleni inakuwa fupi. Hakucheka. Nilipomsimulia kaka, alicheka yeye, kile kicheko chake cha zamani, mpaka akakaa chini. Akasema kesho twende kwa daktari.

Ombi langu, Mjomba, usione nakukosea adabu. Mara ya mwisho ulimwambia mwanaume hujikaza. Ulisema kwa mapenzi, najua. Ila kaka amejikaza mpaka viazi vimetaka kuisha sokoni. Ukiipata barua hii ukampigia, mwulize tu amelalaje. Akinyamaza usikate simu. Msubiri, atasema.

Msalimie mkaza mjomba, na yule mdogo anayependa kuninyang'anya kofia. Mungu akunyooshee huo mgongo.

Naishia hapa, kaka ameshavaa shati na amesimama mlangoni. Nikimchelewesha, atakumbuka kuna geti halijamaliziwa.

Wako akupendaye,
Mpwa wako mdogo.