Wimbo Uliotoka Masikioni

Yaya Deo,

Kaka yangu mkubwa, nimekaa kwenye kiti chako. Changu kilivunjika mguu, na wewe hukuacha maagizo. Mteja wa mwisho ameondoka sasa hivi na kichwa kizuri kuliko tabia yake. Nimefagia nywele, nimezima mashine za kunyolea, nimezima feni, nimezima na ile redio uliyokuwa ukisema inaimba kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Kila kitu kimezimwa isipokuwa mimi.

Ndiyo habari yenyewe. Mimi sizimiki.

Ilianza miezi michache baada ya kukuzika. Mwanzoni nilidhani ni simu. Unajua vile mtu anahisi simu inatetemeka mfukoni, anaipapasa, kumbe simu iko mezani inamtazama. Nikawa najipapasa paja mbele ya wateja mpaka mmoja akaniuliza kama nina viroboto. Kisha mtetemo ukahama, ukaingia kifuani, ukashuka mgongoni, ukakaa. Mkono hautetemeki, usiwe na wasiwasi. Bado nachonga mstari wa paji la uso bila kumwaga damu ya mtu. Ni ndani. Ni kama mtu amesimamisha lori nje ya nyumba na hajazima injini, na hiyo nyumba ni mimi. Halafu masikio nayo yakaingia kazini: mlio mwembamba, wa juu, usiopumua. Ulitufundisha kwamba hakuna mwimbaji asiyepumua. Huyu nimempata.

Mchana mmoja nililala chali, nikaweka kikombe cha maji kifuani ili nipate ushahidi. Ndani lori linanguruma; juu, maji yametulia kama waumini wanaongoja mtu mwingine aanze kutoa sadaka. Nikamwita Papa Jules, mwimba besi wa korali yako, ambaye siku hizi tunapanga naye chumba kimoja Glenwood, katikati ya wanafunzi. Akaweka kile kiganja chake kizito kifuani pangu.

"Petit, mdogo wangu, hapa iko moyo tu."

"Na chini ya moyo?"

"Chini ya moyo iko ugali."

Hospitali nilikwenda, usiseme sikwenda. Wakachukua damu, wakapima presha, wakanifungia kwenye kijumba kisichopitisha sauti, wakanivika spika za masikioni: ukisikia mlio, bonyeza kitufe. Nikabonyeza kabla hawajaanza. Daktari, binti mpole wa Kizulu, hakunicheka. Alisema vipimo vyote viko sawa, kwamba watu wengine pia wanalo jambo hili na hawalibuni, na kwamba yeye hajui langu linatoka wapi, likibadilika nirudi. Nilimheshimu kwa ile "sijui". Lakini nilitoka pale nikiwa mgonjwa mwenye afya kuliko wote Durban.

Papa Jules nilimwapisha asiseme. Unawajua watu wetu. Mtu akisema anasikia sauti, nusu ya kanisa watataka kumtoa pepo, na nusu nyingine watataka kujua sauti imesema nini kuhusu makaratasi yao ya ukimbizi. Nilinyamaza pia kwa sababu ya kazi uliyoniachia, ya kuipa korali sauti ya kuanzia, na hapa ndipo inaponiuma.

Nakumbuka ulivyokuwa ukitoa sauti. Korali nzima imesimama, haina gitaa wala kinanda, masoprano wanarekebisha vitambaa, Papa Jules anakohoa kohozi la tangu Bukavu. Wewe unainamisha kidevu, unafumba macho, unangoja. Ukumbi wote unaanza kuona aibu kwa kelele zake. Hata watoto wananyamaza. Ndipo unaitoa, ndogo, mdomo umefunga, "mmm", na kila mtu anajua nyumba yake iko wapi. Nilikuuliza unaipata wapi. Ulisema, "Sijui. Nanyamaza mpaka naikuta." Nikadhani unanificha siri ya kazi, kama wewe ulivyokuwa hupendi kuonyesha unavyonoa wembe. Nilichukua muda kuelewa kwamba ndivyo ilivyokuwa, basi.

Ulinifundisha tukiwa njiani. Unamkumbuka yule mzee wa Morningside tuliyekuwa tunampandia mlima kumnyoa nyumbani kwake? Kichwa kilikuwa na nywele chache hata zingeweza kupewa majina. Ulikuwa unamnyoa taratibu, unamzungusha, unamwonyesha kisogo kwenye kioo kana kwamba ni bwana harusi. Mimi mlangoni nimebeba mkoba, nimechoka kusimama. Ukaniambia tulipotoka, "Petit, yule hatafuti kinyozi. Anatafuta mtu wa kumshika kichwa." Kisha tukateremka kwa miguu, wewe unashika sauti ya tenor, mimi nashika wimbo, tunaimba mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, taa inakuwa nyekundu, magari yamesimama, na wewe huachi. Dereva mmoja wa taksi akashusha kioo akatupungia. "Sharp, baba!" Ukamjibu kwa kuinama kama mtu aliyetoka jukwaani. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Leo ningetoa kitu kikubwa nisimame tena kwenye ile taa nyekundu nikuonee aibu.

Na siku yangu ya kwanza hapa, uliponinunulia ule mkate wenye mchuzi ndani. Nilikuwa nimetoka njia ndefu, sijui lugha ya mtu yeyote, nimeushika kwa mikono miwili. Ukanieleza kwa uso wa mwalimu kwamba Wahindi wa mji huu waliweka mchuzi ndani ya mkate kwa kuchoka kuosha sahani. Nilikuamini kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kusema.

Basi, kutoa sauti. Ulipoondoka walinipa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu nawe zaidi. Miezi ya kwanza nilifanya ulivyofanya: kidevu chini, macho, kungoja. Ilikuja. Si kama yako, ilikuja na viatu vya kuazima, lakini ilikuja. Halafu lori likasimama nje ya nyumba. Nikifumba macho sikuti kimya tena. Nakuta ule mlio umekaa kwenye kiti, umekunja miguu, unanisubiri.

Nikaanza kubahatisha. Wimbo ukishuka nasema tumeuimba kwa unyenyekevu. Ukipanda nasema ni Roho. Mchungaji, ambaye si mtu mbaya, akaanza kutaja kinanda. Kuna ndugu anauza kinanda, kina midundo yake yenyewe, mtu anabonyeza tu. Ulikuwa unasema korali inayongoja umeme ndipo iimbe haina tofauti na friji. Nikayarudia maneno yako na wazee wakacheka, lakini mchungaji aliniangalia tu. Nikajua: kosa moja kubwa, na kinanda kinaingia mlangoni, nami natoka kwa mlango huohuo.

Kosa lilikuja siku yako.

Mwaka ulipotimia, Mama Neema, mjane wako, alituita tuondoe matanga. Alikuwa amevua nguo nyeusi, amevaa kitenge cha njano kile ulichosema kinaonekana kutoka Chatsworth. Watu wamejaa, sombe ya majani ya muhogo imeiva, na sisi tulipaswa kufungua kwa wimbo wako wa mavuno, ule uliotunga mwenyewe. Alikuwa hajacheka tangu mazishi. Amekaa mbele kabisa, mikono mapajani, anangoja kuisikia sauti yako katika midomo yetu.

Nikainamisha kidevu. Nikafumba macho. Na siku hiyo, Yaya, ikaja. Safi, wazi, bila kusita. Nikashukuru moyoni. Nikaitoa, "mmm", nikainua mkono.

Nilikuwa nimewapa mlio wa masikio yangu.

Mstari wa kwanza tulipita kwa kuuma meno. Wa pili, mabesi walikuwa wanaimba mahali ambapo hawajawahi kufika maishani. Papa Jules alisimama kwa vidole vya miguu kana kwamba noti iko juu ya kabati. Kwenye kiitikio, pale wimbo unapopanda, masoprano walipanda nao, wakapanda, Solange, anayewaongoza, akafika mahali akatazama juu, akatazama chini, akafunga mdomo. Wengine wakaanguka nyuma yake mmoja baada ya mwingine. Nikabaki mimi peke yangu, mkono hewani, nasikia wimbo ambao hakuna mwingine aliyeusikia.

Kimya. Yaani kwao.

Na kutoka mbele, Mama Neema akaanza. Kwanza mabega. Kisha mkono mdomoni. Kisha akaachia, kicheko kile chake cha kupiga paja, machozi yanateremka. "Eish, Deo wangu angefufuka," akasema, "angefufuka awachape." Ukumbi mzima ukamfuata. Nilicheka nao, kwa kuwa ungefanya nini tena. Lakini nilipokuwa nabeba viti, mchungaji akaja taratibu: "Ndugu Fideli, Jumamosi ijayo tutazungumza na korali." Nikajua ni habari ya kinanda.

Juma lile nilinyoa vichwa nikiandaa uongo. Nina mafua. Nilikula vibaya. Huzuni ilinibana koo. Huo ulikuwa mzuri, hakuna anayeweza kupinga huzuni. Ila Jumamosi tulipokutana nikamwona Solange. Ameleta limau, asali na tangawizi kwenye chupa, amesaga mwenyewe huko saluni kwake, ameziweka mbele yangu. Alidhani koo ndilo linaumwa. Sikuweza kunywa dawa ya uongo. Nikasema yote: lori, kikombe cha maji, kitufe cha hospitali, mlio. Nikasema siku ile niliwapa sauti iliyotoka masikioni mwangu, na kwamba sina kingine cha kuwapa.

Hakuna aliyenikemea pepo. Mchungaji akafungua mdomo, lakini Papa Jules, aliyekuwa amechoka kubeba siri, akamwahi.

"Inalia sasa?"

"Inalia."

"Tuimbie."

Sikuwahi kufikiri jambo hilo. Mlio wenyewe uko juu mno kwa koo la mwanamume, nikautafuta chini yake, kama nilivyofanya siku ile bila kujua, nikautoa kama nilivyoweza. Solange akainamisha sikio, akauchukua, akaupandisha mahali pake. "Hii?" Nikasema juu kidogo. Akapanda. "Hii?" Na pale, Yaya Deo, nikaanza kulia mbele ya korali nzima. Kwa mara ya kwanza kitu kile kilikuwa nje. Kilikuwa kinywani mwa mtu mwingine. Masoprano wote wakakishika, wakakizungusha ukumbini, na mimi nikasimama nikakisikiliza kama watu wengine wanavyosikiliza. Mama Alphonsine wa masoprano akaniambia, huku anafuta uso kwa kitambaa cha kichwani, "Na wewe unaishi na hii? Hata sokoni?" Nikasema hata sokoni. "Pole, kaka," akasema. Hayo tu. Nilikuwa nimepewa vipimo vingi, pole sikuwa nimepewa.

Papa Jules hakuwa amemaliza. Alikuwa anahesabu kwa vidole, do re mi, kama ulivyotufundisha. Akasema: kama haihami, basi tunajua iko wapi. Kama tunajua iko wapi, tunaweza kuteremka. Akaanza kushuka kutoka kwa Solange, ngazi moja moja, sol, fa, mi, akisimama kila ngazi kunitazama, mpaka tukafika mahali nilipodhani wimbo wako unaanzia, nikasema, "Hapa." Tukaimba wimbo wako wa mavuno hapo. Ulikuwa chini kidogo, wa kiume mno, masoprano walinung'unika. Tukapandisha ngazi moja. Ukakaa.

Sitaki nikudanganye. Lori bado linanguruma sasa hivi ninapoandika, mgongo umeegemea kiti chako na kiti hakisikii lolote. Kuna asubuhi mlio unaamka umehama, na hapo hesabu ya Papa Jules haisaidii kitu. Mchungaji hajasahau kinanda. Ametoa Jumapili moja tu, kesho, tuone. Mama Neema atakuwepo. Amesema anakuja kuimba, na kama atalazimika kucheka tena ana nguvu za kutosha.

Kwa hiyo kesho nitasimama, nitasikiliza kilichopo badala ya kungoja kiondoke, nitateremka kutoka hapo ngazi kwa ngazi, na nitawapa nitakachokuta. Nakuahidi hili moja: siku nitakayokosa, nitageuka niwaambie mbele ya wote kwamba nimekosa, na Solange atatoa. Ana sikio zuri kuliko langu, hata lilipokuwa zima. Sitawabebesha tena watu jambo langu bila wao kujua wamebeba nini.

Kwaheri, Yaya. Pumzika. Kama huko uliko kuna kimya kingi, nisikilizie kidogo.

Mdogo wako,
Fideli