Maziwa ya Vidonda vya Tumbo

Jumatano, alasiri. Mama mkwe amelala.

Kosa ni langu. Ningesema kweli, kwamba Nairobi nilienda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni ili nikonde, angesema nimekufuru. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Basi ameagiza maziwa ya ngamia, kwa maana hapa Garissa ndiyo dawa ya vidonda.

Leo alikaa mbele yangu na kikombe kilichojaa. Baada ya mafunda matatu nilishiba hadi kooni.

"Maliza, binti yangu. Huoni unavyokonda? Wallahi, hivyo vidonda vimekuzidi."

Nikamaliza. Kisha nikakimbilia chooni kutapika, nikaacha mfereji wazi ili asisikie.

Alisikia. Kuanzia kesho, amesema, ni vikombe viwili.