Kerneli ya Msanzi na mkono wa Deo

Jumapili, Sumbawanga. Upepo unapiga mabati kama unamtafuta mtu humu ndani. Baridi inauma mpaka kwenye mdomo, na mdomo wenyewe umevimba. Jicho la kushoto halifunguki. Asubuhi nimepiga ukuta ngumi. Ukuta umeshinda.

Nataka kuvunja kitu. Acha niandike.

Deo ni kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaendesha mashine ya kusaga kule Msanzi. Siku ya gulio watu wanashuka na mahindi na ulezi kutoka kila upande, na foleni ya pale ilikuwa ya madebe: unaweka debe lako mstarini, unaenda zako kuzunguka. Ukirudi unakuta limesogezwa nyuma. Matusi, makofi, kila gulio. Basi mimi, niliyejifunza programu kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikamtengenezea foleni ya namba. Kompyuta kuukuu, tivii ukutani, kitufe. Deo akimaliza mtu mmoja, anabonyeza, namba inayofuata inatokea.

Ndani yake kuna kitanzi, kipande cha programu kinachojirudia bila kuchoka. Kinasubiri, kinasikiliza: kitufe kimebonyezwa? Kikisikia, kinafanya kazi, kinarudi kusikiliza. Yaani nakipenda hicho kitanzi kuliko baadhi ya ndugu zangu.

Jana nikaenda na toleo jipya kwenye flashi. Nilikuwa nimesoma njia mpya ya kusubiri, safi kinoma, nikafuta mistari yote iliyokuwa inazibeba kerneli za zamani. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, ndiyo inayoongea na chuma. Programu inaiomba tu kazi. Nikajisemea, nani bado ana kerneli ya kale hivyo?

Msanzi wanayo! Ile kompyuta haiwezi mfumo mpya, inagoma kuwaka. Mfumo wa zamani niliuweka mimi, kwa mikono hii.

Ila nyumbani nilijaribu kwenye mashine yangu, ikakubali, nikaridhika. Nikaweka toleo jipya katikati ya foleni, namba kumi na nne ikatokea kwenye tivii, nikaenda kunywa chai.

Kumi na nne alikuwa Baba Restuta. Akasaga kiroba chake. Deo akabonyeza. Kumi na nne. Akabonyeza tena. Kumi na nne. Baba Restuta, na raha zake, akaenda akaleta kiroba kingine.

"Si inaniita mimi? Gombaneni na tivii!"

"Umemhonga Deo wewe!"

"Baba Restuta, toka hapo kabla sijakutoa meno!"

Deo akasema tuache tivii, tuitane kwa midomo. Nani amsikilize? Mama mmoja akamshushia Baba Restuta debe la uso. Niliporudi mbio, chapati bado mdomoni, damu ilishachanganyika na unga sakafuni, watu wanakabana makoo, vijana wanang'oana mashati, na mashine inanguruma vilevile.

Niliwaona. Nikawapita.

Hili ndilo sijamwambia mtu. Nilikwenda kwenye kompyuta kwanza. Nikaona kitanzi kinaiomba kerneli isubiri kwa njia mpya, kerneli inajibu kazi hiyo siijui. Na mimi nilishaandika kwamba kosa lolote likija, puuza, zunguka tena. Basi kinazunguka kama kichaa, kinaomba, kinakataliwa, kinaomba, kitufe cha Deo wala hakisikilizwi. Nikacheka. Nikasema kwa sauti, "Nimekupata!"

Deo akapiga kelele.

Kijana mmoja alikuwa amemsukuma, na mkanda wa mashine ukavuta mkono. "Zima! Zima jamani!" Walipozima, vidole viwili havikuwepo.

Sikumkimbilia Deo. Niling'oa kibodi nikampiga nayo yule kijana kichwani, vitufe vikaruka kwenye unga, nikaendelea kumpiga na kipande kilichobaki mkononi. Nilitaka afe. Kweli kabisa, kwa dakika ile nilitaka. Wenzake ndio walionifanya jicho hili, na nawashukuru, maana nisingeacha.

Leo nimeenda hospitali. "Shikamoo mama." Mama mkubwa hakuitikia. Ametazama dirishani mpaka nikapita.

Deo mkono umefungwa hadi kwenye kiwiko. Akaniuliza ilikuwaje, nikamweleza yote, kerneli, kitanzi, kosa nililolipuuza.

"Yaani kompyuta imekwambia haijui, we ukaiziba mdomo?"

"Ndiyo, kaka."

"Mshenzi wewe." Akajaribu kucheka, maumivu yakamkata. "Tengeneza. Nikirudi kwenye madebe kwa mkono mmoja, wataniua."

Nimeshinda nayo mchana kutwa. Njia ya zamani nimeirudisha: kerneli ikisema haijui, kitanzi kinasubiri kwa njia ambayo kerneli inaijua, bila maneno. Likija kosa jingine lolote, tivii inazima namba na kuandika SIMAMISHENI MASHINE. Halafu nimechukua kompyuta kuukuu ya jirani, nimeweka mfumo uleule wa Msanzi, nikabonyeza kitufe mpaka kidole kikafa ganzi. Namba zimetembea.

Sijafurahi. Namba zimetembea, vidole havirudi.

Anna, mke wa Deo, ametuma ujumbe jioni hii. Hana salamu. Anasema kesho anaiwasha mashine yeye mwenyewe, watu hawawezi kula mahindi yasiyosagwa, na mimi nikikanyaga Msanzi atanipasua kichwa na mchi mbele ya wote.

Nimemjibu: Shemeji, naja asubuhi. Nitasimama pale kwenye mkanda, wewe kaa kwenye kitufe.

Hajajibu. Naenda hivyohivyo.