Sura ya Shimo la Segese

Jumapili, 2 Machi 2025

Mkwe wangu Edson amemaliza kitabu! Cha kuvua samaki kwa raha — si kwa njaa, si kwa kuuza. Raha tu. Mimi darasani sikukanyaga, kusoma nimefundishwa kanisani uzeeni, lakini kitabu nakijua. Hiki ni kitabu.

Baada ya misa alimsomea binti yangu Vumilia uani. Mimi nyuma ya jiko, maana mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja, wala hawasemezani ovyo. Nikasikia yote. Kuna kambare anamnyang'anya chambo, anaondoka, halafu anarudi kumtazama kama amekasirika! Nilicheka mpaka maharage yakaungua.

Vumilia akasema samaki hawatazami watu. Edson akasema, we umewahi kumuuliza?

Kijana huyu nampenda kuliko wanangu wa kuzaa. Anaandika uongo mtamu.

Jumatatu, 3 Machi 2025

Kaja Vipul, mwenye duka la vifaa. Ndiye anayelipia uchapaji kule Kahama. Naye mvuvi wa raha. Mama yake, Madhuben, hataki samaki avuke mlango wake, basi Vipul anawavua na kuwarudisha majini. Mtu mzima, ana gari, anarudisha kitoweo! Nikamwambia usoni. Akasema shikamoo Mama, huo ndio ustaarabu. Nikasema marahaba, ustaarabu wenu hauna mchuzi.

Edson akamsomea sura ya mwisho. Kicheko kikanikauka.

Ni shimo letu hapa Segese, lile wachimbaji waliloliacha likajaa maji. Kitabu kinamwambia msomaji asimame upande wa mkwaju, ukingo ni mgumu kama sakafu.

Mgumu? Chini ya mkwaju ni patupu! Wachimbaji walifuata mwamba, wakachimba kwa ubavu. Ng'ombe wa Ngassa alisimama hapo mwaka jana. Hatukupata hata kwato. Na Edson anajua — alikuwepo, ameshika kamba.

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimemwambia Vumilia, mwambie mumeo aitoe hiyo sura.

Akaenda, akarudi. Anasema, Mayu — ndivyo tunavyoita mama kwetu — hiyo ndiyo sura bora kuliko zote.

Mwambie ubora nauona. Aitoe.

Akaenda, akarudi. Anasema waandishi wa uvuvi wote husifia maji yao. Kitabu kinachoficha maji ni hadithi ya sungura.

Mwambie basi watu wasimame upande mwingine.

Akarudi. Upande mwingine hakuna samaki.

Vumilia akaketi chini puu. Mimi si redio yenu, semezaneni wenyewe!

Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2025

Mvua. Edson karudi ana tope mpaka masikioni. Fimbo ya kuvulia hana. Ukingo umekatika akiwa juu yake, akadaka mizizi ya mkwaju. Vumilia analia huku anamchapa na kanga. Yeye anacheka! Eti sura imepata mkia, ataongeza kurasa mbili.

Sikula. Jivu liko kwenye paji langu, na nusura nizike.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Gari la Vipul linakuja kesho kuchukua kitabu. Kumbe kurasa alizoongeza zinamsifu kambare aliyemponyoka. Ukingo kukatika hakuna! Ameweka sentensi moja tu: wavuvi wawe waangalifu. Mwenye samaki mbele yake hasomi sentensi.

Jirani yangu Paskazia anasema wanawe walimsikia Edson akisoma, wameshanunua ndoano. Wanauliza mkwaju uko wapi.

Ijumaa, 7 Machi 2025

Gari liko nje. Linapiga honi.

Kurasa za sura hiyo nimezikalia. Nimezichomoa kwenye daftari la kaunta la Edson alipokwenda kuoga. Niko kitandani kwangu, chumba ambacho mkwe haingii hata nyumba ikiungua. Naandika ili mikono itulie.

Vumilia kasema Mama, zirudishe. Nikasema mwambie zitarudi ukingo ukirudi. Kakataa kumwambia.

Basi kaja mwenyewe, nyuma ya pazia la mlango. Mayu, kasema. Hajawahi kuniita bila mtu katikati, tangu amuoe binti yangu. Mayu, hiyo ni kazi yangu ya miaka.

Nikasema najua. Kila ulipomsomea mwenzio nilikuwa nyuma ya jiko.

Kisha, taratibu: na hiyo sura — ni nzuri?

Nzuri mno, ndiyo maana wataifuata.

Honi. Vipul anapaza sauti, twende bwana, mchapaji anasubiri!

Nimesema Edson, mwanangu, andika humo kwamba ulianguka. Hukuwa unacheka pale kwenye mizizi. Mtu akining'inia huita jina; uliita nani pale? Liandike hilo jina.

Namsikia anapumua.

Pazia limesogea. Ee Mungu — mguu wake uko ndani. Hana kiatu. Uso kauelekeza ukutani asinione. Amenyoosha mkono, kiganja wazi.

Sijui anaomba kurasa zake, au anaomba hii kalamu