Kikohozi Kwenye Chumba cha Kompyuta

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijaumbuka. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na somo la pembe lilikuwa limenishinda, nachora ubaoni mpaka mkono unauma na watoto wananitazama tu, ndipo nikawawekea gemu la kompyuta la kujenga madaraja, ukikosea pembe daraja linaanguka na lori linatumbukia mtoni, basi darasa likaamka, hata binti mmoja wanayemwita Kimya, ambaye hakuwahi kunijibu swali, akawa anasimama kuwaelekeza wenzake, "We, hiyo nguzo ilaze kidogo!" Tatizo ni mwalimu mkuu, alishasema kikaoni kompyuta za shule si za michezo, kwa hiyo nikawafundisha watoto kwamba aliye karibu na mlango akimwona anakuja akohoe, wote wafungue notsi. Juzi akaja, kikohozi kikatoka, akakuta darasa limetulia, akamuuliza Kimya, "Mnajifunza nini, mwanangu?" Binti akaniangalia mimi, akainama, hakujibu. Mkuu alipotoka, binti akaniuliza, "Mwalimu, kwani tulikuwa tunafanya kitu kibaya?" Nikamwambia aendelee na notsi zake, na tangu hapo hajafungua mdomo. Niache gemu, au niendelee kwa siri? Roho inaniuma.

Mwalimu wa Madaraja

Marahaba, mwalimu. Pole, lakini leo sikubembelezi. Gemu halina kosa. Mtoto aliyegundua mwenyewe kwa nini daraja limeanguka amejifunza kuliko aliyenakili ubaoni. Kilichoharibu ni kile kikohozi. Uliwapa watoto kitu kizuri, halafu ukawafundisha kukionea aibu, na aliyekuamini zaidi ndiye aliyeumia zaidi. Unashangaa nini akinyamaza?

Kwanza mjibu yule binti, mbele ya wenzake: kosa lilikuwa langu, si lenu. Kisha nenda kwa mwalimu mkuu useme yote, na kikohozi usikiruke. Atafoka, mwache afoke, ana haki. Akishapoa, mwombe kipindi kimoja aje ajenge daraja mwenyewe. Akikataa, utarudi kwenye chaki yako, lakini mtoto atakuwa amepata jibu lake, na hilo ndilo lililokuwa linakuuma.

Akikubali, mkalishe kwenye kompyuta, wewe kaa nyuma. Lori lake litatumbukia tu. Usimsaidie. Subiri. Kimya akisimama kumwambia mkuu nguzo ailaze kidogo, tafadhali mwalimu, usikohoe.